Foleni ya "mama sijaelewa", nilivyoimaliza

Tuko Houston, watoto 7, wote wanasomea nyumbani. Huku Texas sheria kwa sie tunaofundisha wenyewe ni nyepesi, wanataka uwafundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Shida yangu haikuwa serikali bana, ilikuwa hesabu. Tukishamaliza ibada ya asubuhi wote wanafungua madaftari ya hesabu kwa mpigo, dakika 10 haziishi wanne washajipanga nyuma yangu "mama sijaelewa", na kitinda mimba kamwaga uji mezani.

Kwanza nikapangua ratiba. Biblia, historia na sayansi tunasoma wote pamoja, somo ni lilelile ila mkubwa anaandika insha na mdogo anachora. Hesabu za wakubwa zikahamia mchana, mtoto akishalala.

Ila kilichomaliza kazi ni vibanio vya nguo, sitanii. Nimefunga kamba ukutani pale jikoni, kila mtu ana kibanio chenye jina lake, ukikwama unakibana kwenye kamba alafu unaenda kunakili Zaburi (ya 23 ina mistari 6 tu, wavivu wote wanaikimbilia hiyo), mi nikimaliza nilichoshika naita kuanzia kushoto. Kusimama nyuma yangu marufuku. Mara nyingi kibanio kinatolewa hata sijaita, mtu kashajijibu mwenyewe. Juzi nimekuta na baba yao kabana chake, kumbe anataka chai.