Hakumbuki

Juzi nilikuwa na wanachuo wangu watano kwenye zahanati moja ya ndani ndani huko Sikonge, mafunzo kwa vitendo. Mei imeanza, vumbi limeanza, kila nyumba inanuka tumbaku na watu wanangoja soko. Kina mama wa kliniki walijaa hadi chini ya mwembe.

Binti mmoja wa Dar, mwepesi darasani kuliko wenzake, akamuuliza mjamzito: "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi?" Mama akatazama chini. Akaulizwa tena, safari hii kwa sauti ya juu, kana kwamba shida ni masikio. Kisha nikaona kalamu inaandika kwenye kadi: hakumbuki.

Nikavuta kiti. "Mwangaluka, mama." Akaitikia akitabasamu. (Kinyamwezi changu kinaishia hapo hapo.) Nikamuuliza, mara ya mwisho kuingia mwezini, shambani mlikuwa mnafanya nini? Hakuwaza hata kidogo.

"Tulikuwa tunahamisha miche. Kesho yake mvua ikapiga, mume wangu akasema tumebahatika."

Kumbe anakumbuka hadi mvua! Nesi wa pale, ambaye naye analima tumbaku, akasema mvua ile ilinyesha wiki ya tatu ya Novemba. Binti akapiga hesabu: ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Atajifungua mwishoni mwa Agosti. Akachukua futi kamba, akapima toka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba: sentimita 25. Kwa hesabu yetu mimba ina wiki 24, na kuanzia wiki ya 20 hivi sentimita na wiki hukaribiana.

"Agosti? Basi atanikuta kwenye kitalu," mama akacheka.

Kwenye gari binti alikuwa kimya, nami pia. Nimlaumu vipi? Yule mwanasesere wa plastiki tunayemfundishia anajua tarehe zake zote, maana tunamwandikia wenyewe. Habari za vitalu, mabani ya kukaushia tumbaku na masoko hazimo katika somo langu hata moja, na huu ni mwaka wangu wa tisa kufundisha Tabora. Na nilipokuwa nesi kijana, neno lile nililiandika kwenye kadi ngapi?

Usiku akagonga mlango. "Madam, wanaorina asali wanaingia porini miezi gani?"

Sikuwa na jibu. Tukampigia mlinzi wa chuo, ana mizinga kwao.