Anapolia Mpaka Pumzi Inakatika

Binti yetu alikata pumzi mchana kweupe, mbele ya watu wazima watatu waliokuwa wakimtazama. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na homa, wala hakuwa amepaliwa na chochote. Alikuwa amenyang'anywa kifuniko cha chupa ya dawa alichokuwa amekitia mdomoni, akaanza kulia kwa hasira. Kilio cha kwanza kilisikika vizuri, cha pili kikawa kirefu zaidi, na cha tatu kikaishia njiani: mdomo ulibaki wazi, kifua kimejikaza, uso bado umekunjamana, lakini sauti haikutoka na hewa haikuingia.

Rangi ilianza kubadilika pembeni mwa midomo. Ilikuwa ya zambarau, ikasambaa hadi puani na chini ya macho, kisha mgongo ukapinda kwa nyuma na mikono ikakakamaa. Baada ya hapo mwili wote ulilegea mikononi mwangu, shingo ikakosa nguvu, na mguu mmoja ukatikisika mara chache. Baba yake alikuwa akiliita jina lake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu tuoane. Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyesema jambo lenye msaada: "Mlaze chini, mwanangu. Mlaze ubavu." Nilimlaza. Alivuta pumzi moja nzito yenye mkoromo, akafumbua macho, akalia kidogo, akasinzia.

Ninaandika haya kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma baadaye yanaishia pale mtoto anapozinduka, ilhali kwetu sisi sehemu ngumu zaidi ilianzia hapo.

Tulipofika hospitali binti alikuwa anacheza na mkanda wa mkoba wangu, na nilijua jinsi tulivyoonekana: wazazi wawili wanaotetemeka na mtoto anayecheka. Daktari hakutudharau. Aliuliza maswali kwa mpangilio ambao wakati ule niliuona wa ajabu, na ambao sasa ninauelewa vizuri. Alitaka kujua kwanza nini kilitokea kabla ya kilio, si baada yake. Alitaka kujua kama rangi ilibadilika kabla ya mwili kukakamaa na kutikisika, au baada ya hapo, kwa sababu katika kifafa mara nyingi mtikisiko huja bila kuchokozwa na chochote na rangi hubadilika baadaye, wakati katika hali aliyokuwa akiishuku huwapo daima maumivu, hasira au mshtuko, kisha kilio, kisha rangi, na mwili hukakamaa mwishoni. Aliuliza kama hali hiyo iliwahi kumpata akiwa usingizini. Aliuliza pia kama katika ukoo wetu kulikuwa na mtu aliyezimiazimia au aliyefariki ghafla angali kijana, swali lililonikausha koo hadi aliponieleza kwamba kuna matatizo ya umeme wa moyo yanayorithiwa ambayo huweza kujificha nyuma ya kuzimia kwa namna hii, na kwamba kipimo kifupi kisicho na maumivu kinasaidia kuyabaini.

Kipimo hicho kilifanyika siku ileile. Ni vibandiko vidogo vinavyowekwa kifuani, mikononi na miguuni, na kazi kubwa ilikuwa kumzuia mwenyewe asivibandue. Moyo ulikuwa salama. Damu nayo ilipimwa, si wingi wake tu bali pia akiba ya madini ya chuma mwilini, na hiyo akiba ndiyo iliyokuwa chini.

Mama mkwe alikuwa amekaa kimya muda wote huo. Daktari alipouliza kama kuna ndugu wa karibu aliyewahi kuwa hivyo utotoni, alimnyooshea kidole mwanawe. Mume wangu alikuwa hajui. Kumbe naye alikuwa akilia mpaka anazimia, na mama yake hakuwahi kumsimulia kwa kuwa hali hiyo ilikwisha yenyewe kabla hajaanza shule. Ndiyo maana yeye alijua la kufanya na sisi hatukujua.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Mtoto anapolia kwa nguvu anatoa hewa nje tena na tena, na kwa baadhi ya watoto pumzi husimama pale mwisho wa kutoa hewa bila kuvuta nyingine. Si uamuzi wake. Mtoto mdogo namna hii hana uwezo wa kupanga kujinyima hewa ili kumkomoa mtu, ingawa wapo watakaokuambia hivyo kwa uhakika mkubwa. Oksijeni hushuka, damu inayofika kwenye ubongo hupungua, fahamu hupotea. Na fahamu zikishapotea, kilio hukoma na mwili hurudi kupumua wenyewe. Ipo pia namna ya pili, ambayo mtoto hugonga kichwa au hushtuka, halafu badala ya kuwa wa bluu anakuwa mweupe na mwenye jasho, mara nyingine bila kulia kabisa, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo ya moyo umeitikia kupita kiasi na moyo ukasita kwa sekunde chache. Hali hizi kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miezi 18, na watoto wengi sana huwa wameziacha kabla ya kutimiza miaka 6. Si adimu: uchunguzi wa watafiti Lombroso na Lerman uliochapishwa mwaka 1967 ulizikuta kwa karibu watoto 5 katika kila 100. Haziharibu ubongo na hazigeuki kuwa kifafa.

Kuhusu madini ya chuma, nilidhani mwanzoni kwamba dawa ya madini hayo tuliyoandikiwa ilikuwa ya kututuliza sisi wazazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanyika Jordan, ambapo watoto 67 waligawanywa, nusu wakapewa madini ya chuma na nusu wakapewa dawa isiyo na kitu, kwa wiki 16. Katika kundi la kwanza karibu watoto 88 kwa kila 100 walipona kabisa au walipungukiwa sana na hali hiyo, na katika kundi la pili hawakufika 10 kwa kila 100. Dawa ya chuma ni ya kipimo maalumu kwa uzito wa mtoto na haifai kununuliwa na kunyweshwa kwa kukisia, kwa kuwa madini ya chuma yakizidi ni sumu kali kwa mtoto mdogo. Chupa yetu inakaa juu kabisa, mahali ambapo hata mimi ninahitaji kiti. Dawa hii inageuza kinyesi kuwa cheusi, jambo ambalo ni vema kuambiwa mapema, na huacha madoa kwenye meno yasiposuguliwa.

Tulirudi nyumbani na maelezo haya yote mazuri, na hofu yetu haikupungua hata kidogo. Kuambiwa kwamba mtoto wako hatakufa ni jambo moja. Kumtazama anavyoanza kuvuta midomo ili alie ni jambo jingine kabisa. Taratibu, bila mtu yeyote kutangaza, nyumba yetu ilipata sheria moja tu, kwamba binti asilie. Akitaka simu alipewa simu. Akitaka kulala saa nne usiku, tulikaa naye hadi saa nne. Kaka yake mwenye umri wa miaka sita, ambaye siku ya kwanza alikuwa amesimama mlangoni na hatukumwona, alikuwa akimkabidhi vitu vyake vya kuchezea kimoja baada ya kingine, na sikuelewa sababu hadi aliponiuliza jioni moja, akiwa anavua viatu, kama mdogo wake angekufa kama yeye angelikataa kumpa gari lake la plastiki. Nilikaa naye chini. Nilimweleza kwamba mdogo wake hulia mpaka anasahau kuvuta pumzi, kwamba mwili wake hukumbuka wenyewe, na kwamba yeye hakusababisha chochote. Alisikiliza, akaitikia, na bado akaendelea kumpa gari.

Tuliporudi kwa daktari alituuliza tunalala vipi, tunakula vipi, na binti hukatazwa mara ngapi kwa siku. Mume wangu alijibu kwa ukweli kwamba hakatazwi. Daktari alieleza bila kutukaripia: kukatika kwa pumzi si hila, lakini kulia ni jambo ambalo mtoto yeyote hujifunza kulitumia likizaa matunda, na mtoto anayepata kila kitu anapoanza kulia ataanza kulia mara nyingi zaidi, na kila kilio kikali ni nafasi nyingine ya pumzi kukatika. Kwa maneno mengine, upole wetu ulikuwa unaongeza kile tulichokuwa tunakikimbia. Sikufurahia kuyasikia hayo, lakini hoja ilikuwa imenyooka.

Kilichotusaidia ni kutenganisha vilio vya aina mbili. Kuna vilio vinavyoweza kuepukwa bila kumharibu mtoto: vya njaa, vya uchovu, na vya kupokonywa kitu ghafla. Kwa hiyo tulijifunza kumpa kitu kingine kabla ya kuchukua kile cha kwanza, kumwambia mapema kwamba mchezo unakaribia kwisha, na kumlaza kabla hajachoka kupita kiasi. Halafu kuna vilio visivyoepukika. Mkasi unachukuliwa. Dawa inachukuliwa. Mlango wa nje haufunguliwi. Akilia, alie, nasi tuko karibu.

Na pumzi ikikatika, tunafanya mambo machache sana, na uchache wake ndio uliokuwa mgumu kuukubali, maana mikono ya mzazi hutaka kazi. Tunamlaza ubavu sakafuni, mbali na pembe za meza, kwa kuwa akiwa amelala damu hufika kichwani kwa urahisi zaidi kuliko akiwa ameshikiliwa wima. Hatutii kidole wala kijiko mdomoni. Hatumtikisi kamwe, kwani kumtikisa mtoto mdogo kunaweza kumjeruhi ubongo, jambo ambalo hali yenyewe haifanyi. Hatummwagii maji. Tunatazama saa. Akiamka hatumpi kile alichokataliwa, na wala hatumwadhibu; tunamkumbatia kidogo na kuendelea na tulichokuwa tunafanya, au angalau tunaigiza hivyo.

Ile saa ilitusaidia kuliko maneno yote. Siku moja mume wangu alirekodi tukio kwa simu, kwa sababu daktari alikuwa ameomba kuliona kwa macho yake, na mimi ningeapa kwamba lilichukua dakika tatu. Kwenye video, kuanzia sauti ilipokatika hadi pumzi iliporudi, hazikufika sekunde 40. Niliitazama tena nikiwa peke yangu, si kwa ajili ya binti bali kuisikiliza sauti yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa imetulia kuliko nilivyokumbuka.

Usiku ulichukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa naamka na kuweka kiganja kifuani pake, ingawa nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba hali hii hutokea mtoto akiwa macho tu, na kwamba mtoto anayekatika pumzi usingizini ana tatizo jingine na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kujua hakuzuii mkono. Nilichofanya hatimaye ni kukubaliana na mume wangu kwamba tutamchungulia mara moja kabla ya kulala, kwa zamu, na anayemaliza zamu yake haruhusiwi kurudi. Yeye aliitii sheria hiyo vizuri kuliko mimi.

Kwa dada anayemlea mchana tuliandika karatasi na kuibandika ukutani, maana si haki kumwachia mtu mtoto wa namna hii bila kumwandaa. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo inaeleza lini aite gari la wagonjwa na kuanza kumpumulisha: kama dakika moja imepita na mtoto hajarudi kupumua. Inaeleza pia lini atupigie simu ili twende hospitali hata kama amezinduka: kama amezimia bila kulia, kuumia wala kushtuka, kama amezimia akikimbia au aliposikia kelele ya ghafla, kwa sababu hapo moyo lazima uangaliwe upya, kama mwili umetikisika kwa muda mrefu, au kama baada ya kuamka haelewi yuko wapi. Dada aliisoma, akauliza maswali mazuri kuliko yetu, kisha akatuomba tumwoneshe ile video.

Kipimo cha damu kimerudiwa na akiba ya chuma imepanda, ingawa daktari hajatuambia tuache dawa. Matukio yamepungua, na mengi sasa yanaishia kwenye rangi ya midomo bila kufika kwenye kuzimia. Kaka yake naye ameona. Juzi alimpokonya mdogo wake lile gari la plastiki mbele yetu sote, akisema ni lake na alikuwa amemwazima tu. Binti akalia kwa hasira, akivuta pumzi zake zote bila kuruka hata moja, na mimi na baba yao tukaanza kubishana ni nani aamue ugomvi huo.