Niliipata ndege, kisha nikakumbuka kupima

Saa nane usiku niliiona MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea 2014. Nasema niliiona kwa sababu ndivyo nilivyomwamsha mke wangu: "Amka, nimeiona." Ulikuwa msalaba mdogo kwenye ramani ya sakafu ya bahari, chini ya mteremko wa Diamantina, huko kusini mwa Bahari ya Hindi, mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake, kama ndege iliyokatika bawa. Mke wangu akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Kesho una kazi Muheza." Akavuta shuka.

Mimi ni mpima ardhi. Mkate wangu ni bikoni na viwanja, na kuamua ndugu wanaogombania nusu mita ya ua. Ila kwetu ni Wete, na Juni 2016, kusi linavuma, kipande cha bawa kiliokotwa Pemba. Ami yangu akanipigia: "Kuna bati la ndege limekuja na maji, watu wanakwenda kulitazama." Septemba mwaka huo Waaustralia, waliokuwa wakiongoza msako, wakathibitisha kwa namba zilizogongwa ndani yake kwamba ni flapu, kile kibao cha nyuma ya bawa, ya bawa la kulia la Boeing 777 ile ile, iliyoondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing tarehe 8 Machi 2014 na watu 239. Tangu simu ile jambo hili halijanitoka.

Kwa hiyo 2017 Geoscience Australia, taasisi ya serikali yao ya mambo ya ardhi, walipoweka hadharani data za sakafu ya bahari zilizokusanywa wakati wa msako, nilizipakua kipande kwa kipande, kwa bando la usiku, nikazifungua kwenye programu ile ile ninayochorea viwanja. Kwanza unashangaa tu. Broken Ridge, safu ya milima ya chini ya bahari, imesimama kama ukuta, halafu ardhi inaporomoka kwenda gizani. Meli inatandaza sauti chini kama feni na kusubiri mwangwi. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, basi penye kina cha mita 4,000 unangoja zaidi ya sekunde tano kwa jibu moja. Nilimweleza ami kwenye simu. Yeye ni mvuvi, kina anakijua kwa bildi na kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. "Pima ngapi hizo?" Nikapiga hesabu: elfu mbili na mia mbili hivi. Akanyamaza kidogo. "Hakuna mshipi wa kufika huko."

Turudi kwenye msalaba wangu. Asubuhi ndani ya basi la Muheza ndipo nilipokumbuka kufanya kitu ambacho ningemfokea kijana wangu wa kazi kwa kukisahau: sikuangalia skeli. Gridi ile ina pikseli, yaani vijimraba vya picha, za mita 150 kila upande. Msalaba wangu ulikuwa na pikseli tano kwenda juu, yaani mita 750. Boeing 777-200ER ina urefu wa mita 63.7. Nilikuwa nimegundua Boeing ndefu karibu mara 12 ya ile halisi.

Na hata ungekuwa na macho ya mwewe, pikseli moja hapo ni ekari tano na nusu. Chukua shamba la ekari tano na nusu, tupa ndege nzima ndani yake, kisha andika namba moja tu: wastani wa kina cha shamba lote. Hiyo ndiyo data. Ndege haionekani humo, haiwezi kuonekana humo, na kila anayesambaza picha ya ramani ile akiwa amezungushia "mabawa" duara jekundu anasambaza kosa langu la usiku ule. Msalaba wangu ulikuwa njia mbili za meli zilizopishana. Mwangwi wa pembeni mwa feni huyumba kuliko wa katikati, na kingo mbili zikikutana zinaacha mshono.

Ramani ile ilikuwa ya kuwaonyesha njia wapimaji wa pili, wale walioburuta sona, chombo cha kutazama kwa sauti, karibu na sakafu yenyewe kwa waya wa kilomita nyingi. Hao walipita kilomita za mraba 120,000, Pemba zaidi ya mia moja, hadi msako uliposimamishwa Januari 2017. Walitia alama sehemu 661, wakarudi kukagua 82 zilizotia shaka zaidi. Walipata meli nne zilizozama. Ndege, hapana. Mwaka uliofuata kampuni ya Ocean Infinity wakapita zaidi ya kilomita za mraba 112,000 nyingine, nao mikono mitupu.

Kama unataka kujua ndege huonekanaje huko chini, tafuta picha za sona za Air France 447, ndege iliyoanguka Atlantiki 2009 na kupatikana Aprili 2011 kwenye kina cha mita 3,900 hivi. Hakuna umbo la ndege. Ni vijidoto vyeupe vilivyotapakaa kwenye tope tambarare, kama mchele uliomwagika mkekani. Sasa umwage mchele huo juu ya changarawe, kwenye mteremko wa Diamantina, uniambie utaokota punje ngapi.

Kwa hiyo maumbo nimeachana nayo. Data za sona zilipotoka 2018 nilianza kutafuta mapengo. Penye jabali chombo kinapaswa kunyanyuka kisijigonge, na nyuma ya jabali sauti haifiki, panabaki kivuli. Wenyewe wanajua, wamevichora. Lakini kukaa na kivuli kimoja kimoja, kukilinganisha na mteremko na kuuliza kama bawa linaweza kujibanza hapo, hiyo ni kazi ya mpima viwanja kabisa: ni kutafuta ardhi ambayo pande zote mbili wanadai wameshaipima.

Kwenye ramani yangu nina tabaka moja jekundu la vivuli hivyo, lenye vipande 14. Sita nimevifuta, vilikuwa vimefunikwa na njia ya pili ya chombo, sikuwa nimeifungua. Mke wangu hulala mapema siku hizi. Ami bado anauliza kila Ijumaa, na mimi namjibu kwa pima.