Vijumba 22

Jumapili usiku, Muheza

Mvua ilianza alasiri na mpaka sasa haijakatika. Mama ameshalala. Nimebaki sebuleni na kopo la bibi mezani, naandika kabla usingizi haujanipokonya ya leo.

Jioni tuliangalia The Grapes of Wrath, filamu ya John Ford ya mwaka 1940. Niliwahi kuiona chuoni, nikiwaza mtihani kuliko watu waliomo. Leo nilikaa mkekani na mama, kompyuta juu ya kigoda, namtafsiria kila kinachosemwa. Ukimtafsiria mtu huwezi kuruka panapouma.

Kisa chenyewe mama alikishika upesi. Akina Joad ni wakulima wa Oklahoma, wanalima ardhi isiyo yao. Vumbi na ukame vimemaliza mazao, na wenye ardhi sasa wanataka trekta, hawataki familia. Kuna usiku mmoja ndani ya nyumba iliyohamwa, gizani, kwa mwanga wa mshumaa, jirani yao Muley anasimulia alivyofukuzwa. Alikuwa tayari kumpiga mtu risasi. Ampige nani? Aliyeleta habari ametumwa na kampuni, kampuni inaisikiliza benki ya Tulsa, na benki nayo inapokea amri kutoka mashariki. Dereva wa trekta ni kijana wa jirani anayepata dola 3 kwa siku. Muley anasema kuzaliwa pale, kufanya kazi pale na kufia pale ndiko kunakoifanya ardhi iwe yao, wala si karatasi yenye maandishi.

Mama akaguna. "Lakini si karatasi ndiyo iliyoshinda?"

Tangu hapo nikawa naona karatasi kila mahali katika filamu hii. Kabla ya safari, mama Joad anakaa peke yake na kisanduku chake cha kumbukumbu. Barua na kadi anazitia motoni moja moja. Anakuta hereni, anaziweka masikioni, anajitazama kwenye kioo. Hasemi neno. Jane Darwell alipata Oscar kwa nafasi hii, na kwangu mimi dakika ile peke yake ingetosha. Mama aliniomba nisimamishe. Akakaa kimya, kisha akasema, "Bibi yako naye alichoma vitu siku tuliyohama kambi ya mkonge. Lile kopo hakulichoma."

Tukaendelea. Lori limejaa watu, magodoro na masufuria, Barabara ya 66 mbele yao, na mfukoni wana tangazo: wachumaji 800 wanahitajika California. Baba Joad analishika kama hati ya kiwanja.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Watu wa Tanga hawahitaji maelezo, ila kwa wengine: ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkonge walioletwa kutoka mbali, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na mawakala wake wakawa wanafika mpaka Kigoma. Babu alitoka Kasulu kijana asiyeoa. Nyumbani tulisimuliwa kwamba aliahidiwa blanketi, posho na fedha za kurudia kwao. Blanketi alilipata.

Filamu ina mtu mmoja mwenye nguo chakavu, wanakutana naye njiani akirudi kutoka huko wanakokwenda wao. Anawafanyia hesabu. Bwana mmoja anataka watu 800, anachapisha matangazo 5,000, yanasomwa na watu labda 20,000. Watakaofika ni wengi kuliko kazi, na mwenye njaa zaidi ndiye atakayekubali malipo madogo zaidi. Yeye imemgharimu mke na watoto wawili kulijua hilo. Watoto walikufa na njaa, matumbo yamevimba, na daktari wa serikali akaandika kwenye karatasi yake kwamba ni moyo. Hapo sauti ilinikatika, sikutafsiri. Mama hakuniuliza. Alikuwa ameshaelewa kwa kumtazama mtu yule usoni.

Hesabu ile inatimia baadaye kwenye shamba la mapichi. Wanapokewa kwa senti 5 kwa sanduku, wasijue kwamba wameletwa kuvunja mgomo wa wenzao waliokataa senti 2 na nusu. Mgomo ukishavunjika, bei inarudi kule kule.

Tukio alilotaka mama arudishiwe ni la mkate. Baba Joad ana senti 10 tu alizozitenga kwa mkate, na mkate ni senti 15. Mpishi anamwamuru mhudumu ampe. Watoto wawili wanakodolea pipi, mzee anauliza bei, na mhudumu anasema mbili kwa senti moja. Wakishatoka, dereva mmoja wa lori anamwambia zile ni pipi za senti 5 kila moja. Nililia. Njia nzima watu wale wanadanganywa bei, na hapa mtu anawadanganya kwa kuwahurumia.

Kuna jambo linanisumbua, na nalisema pamoja na kuipenda filamu hii. Mashamba ya California yalikwisha kulimwa na kuchumwa na Wameksiko, Wafilipino na Wajapani miaka mingi kabla ya akina Joad, nao ni kama hawapo. Sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 iliwaacha nje vibarua wa mashamba. Na mgomo mkubwa wa zabibu wa Delano, California, mwaka 1965 ulianzishwa na Wafilipino. Filamu isingeweza kujua ya 1965, lakini wazee wa wagomaji wale walikuwa tayari mashambani Ford alipokuwa akipiga picha.

Filamu ilipokwisha mama aliinuka, akarudi na kopo. Utotoni nilidhani ni la vifungo. Ndani mna kipande cha babu, kadi ya kazi yenye vijumba 30, kijumba kimoja kwa kila siku ya kazi. Vilivyotiwa alama ni 22. Siku iliyofuata mwiba wa mkonge ulimchoma jicho la kushoto. Alipoweza tena kusimama, karani alimwambia muda wa kipande umepita, aanze kingine. Siku zile hazikulipwa. Kurudi Kasulu mikono mitupu aliona aibu, akabaki, akaoa, akawa mzee wa hapa mwenye jicho moja.

Mama anasema bibi alitaka kukitupa, babu akamkataza. "Wao wananidai siku 8," alikuwa akisema, "mimi nawadai 22."

Nimevihesabu tena sasa hivi chini ya taa. Wino wa alama umekuwa rangi ya kutu. Cha mwisho kimepigwa mstari mmoja tu, kama mnyapara aliitwa kabla hajamaliza.