Springi zilizomnyang'anya Dunnaway ushindi

Mimi ni fundi, kwa hiyo historia ya mbio za magari huwa naisoma kuanzia chini ya gari. Wenzangu wanawajua madereva. Mimi nataka kujua kulikuwa na nini kwenye difu. Na katika mashindano yote ya NASCAR, chama kinachoendesha mbio za magari Marekani, ninayoweza kuyabishania mpaka chai ipoe ni yale ya kwanza kabisa ya magari ya kawaida, Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949.

Usichanganye na uwanja mkubwa wa Charlotte wa leo. Huo ulifunguliwa 1960. Huu ulikuwa wa udongo mtupu, mzunguko wake robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, na walitakiwa kuuzunguka mara 200. Udongo, jua la Juni, magari 33. Vumbi lake huhitaji kusimuliwa.

Wazo lilikuwa la Bill France, mwanzilishi wa NASCAR. Desemba 1947 aliwakusanya wenzake kwenye hoteli ya Streamline, Daytona Beach, na Februari 1948 NASCAR ikasajiliwa. Mwaka huo wa kwanza walikimbiza magari yaliyofumuliwa na kusukwa upya, mengi yakiwa Ford za kabla ya vita. Magari mapya yalikuwa adimu. Nani angefurahi kuona gari jipya linabondwa uwanjani wakati yeye bado yuko kwenye foleni ya kulinunua? Mwaka uliofuata France akaona sasa inawezekana: leteni gari kama lilivyotoka dukani, mshindi anaondoka na dola 2,000.

Watu wakayaleta, ya kwao na ya wenzao. Lee Petty alikuja na Buick Roadmaster ya kuazima, akiiendesha barabarani kama gari la familia, akaingia nayo mbioni na kuipindua ikawa haitamaniki. Mwanawe Richard, wakati ule mtoto wa miaka 11, alikuwepo. Huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa mara 7. Mimi humfikiria zaidi yule aliyemwazima baba yake ile Buick. Palikuwepo pia mwanamke, Sara Christian. Bob Flock, baada ya injini yake kufa, alimpokea usukani, na gari likahesabiwa nafasi ya 14.

Wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho alikuwa Glenn Dunnaway, kwenye Ford ya 1947 mali ya Hubert Westmoreland. Aliwaacha wenzake mizunguko mitatu. Watu wakashangilia, kisha mkaguzi akainama nyuma ya gari.

Springi zilikuwa zimeguswa. Na hapa lazima ujue gari la aina hiyo lilikuwa la kazi gani. Milima ya upande ule ilijaa wapika gongo waliokwepa kodi, na gongo husafirishwa usiku, kwa kasi, na polisi nyuma. Ukijaza buti, springi za kiwandani zinalala, gari linakaa kama mbwa aliyechutama, na askari yeyote anajua umebeba nini. Ndiyo maana mafundi walizikaza za nyuma: ukipakia, gari linakaa sawa; ukiwa mtupu, makalio yanainuka. Faida ya pili ni kwamba kwenye kona gari halilali ovyo, tairi zinang'ata ardhi. Kwenye uwanja wa udongo, hiyo peke yake ni nusu ya mbio.

Ushindi ukafutwa. Akapewa Jim Roper, aliyetoka Kansas na Lincoln kwa barabara, zaidi ya maili elfu moja. Westmoreland akaenda mahakamani kudai dola 10,000, jaji akaitupa kesi.

Kwenye gereji hubishana hapa. Wapo wanaosema Dunnaway alionewa, kwamba aliendesha tu gari la mtu na kila aliyekuwa pale alijua Ford zile zimetoka wapi. Mimi nasimama na mkaguzi. Springi si rangi wala redio. Ukisema gari liwe la kiwandani halafu ukafumba macho kwenye springi, wa pili yake atakuja na kamshafti ya kuongeza nguvu ya injini, na Roper aliyekuja na gari la kiwandani kutoka Kansas atakuwa amejisumbua bure. Ninachokubali ni kwamba Dunnaway aliumia zaidi kuliko aliyezikaza.

Kwa sababu Westmoreland hakukaa chini kulia. Septemba 1950 Darlington, South Carolina, walikimbiza maili 500 kwenye uwanja mpya wa lami, magari 75. Lami na joto zikala tairi. Wenye magari yenye nguvu walikuwa wakiingia pembeni kubadilisha moja baada ya nyingine. Johnny Mantz alianza nafasi ya 43 kwenye Plymouth ndogo isiyo na nguvu ya kutisha, lakini ilikuwa imevalishwa tairi ngumu za aina ya lori. Akatambaa na mwendo wake uleule zaidi ya saa sita, wengine wakipasukiwa, akashinda. Plymouth ile ilikuwa ya ubia. Mmoja wa wabia alikuwa Hubert Westmoreland. Mwingine alikuwa Bill France.