Magugu ya Rochester

Leo Mama kanicheka. Nilimtumia picha niliyoichora Jumapili, akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, umekwenda kote huko kuchora magugu? Na hayo makaburi hayana wenyewe wa kufyeka?"

Zamu nzima nilikuwa na swali lake.

Makaburi yenyewe yako Rochester, kaunti ya Cedar, kama nusu saa kwa gari kutoka hapa Iowa City, Marekani. Njia nzima ni mahindi na soya, soya na mahindi, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa na fundi. Halafu ghafla ekari 13 za vilima na mialoni mikubwa, na nyasi ambazo mwezi huu wa Septemba zimenipita kimo. Suke lake lina vidole vitatu, kama mguu wa bata mzinga. Mawe ya makaburi yanachungulia tu.

Iowa ilikuwa hivyo. Preri, yaani mbuga ya nyasi ndefu, ilifunika zaidi ya theluthi mbili ya jimbo. Leo haijabaki hata asilimia 0.1. Udongo wake mweusi ulikuwa ukinata kwenye plau za zamani, mkulima akisimama kila hatua kuubandua. Mwaka 1837, huko Illinois, John Deere akaunda plau ya chuma cha pua, udongo ukateleza. Penye majimaji wakafukia mabomba ya kuyatoa. Vipande vingi vilivyosalia viko kandokando ya reli, na juu ya wafu, maana nani atalima kaburi?

Grant Wood, mchoraji wa huku huku, aliyachora mashamba haya. Katika Fall Plowing ya 1931 plau imesimama peke yake mbele, nyuma yake vilima vimelimwa vikalainika kama shuka iliyopigwa pasi. Ni picha nzuri, sikatai. (Siku hizi ni mali ya kampuni ya John Deere. Nani mwingine?) Ila jicho likishazoea uzuri ule, nyasi za Rochester linaziona uchafu. Hata wenyeji hubishana: wengine wanataka pafyekwe, maana wazee wao wamelala pale. Kwa hiyo Mama hakukosea kuuliza.

Mimi mwenyewe niliharibu karatasi tatu. Upepo haukuziacha nyasi zitulie, na kila nilichochora kilitoka kama ua wa nyumba iliyohamwa. Ya nne nikaupandisha mstari wa ardhi karibu na juu kabisa, karatasi yote iliyobaki nikaijaza mizizi. Sikuiona, lakini najua nyasi ile huizamisha mita mbili na zaidi. Humo humo, katikati ya mizizi, nikawaweka waliolala.

Nilipompigia Mama jioni nikamwambia, ni kama Kaya Kinondo tu, Mama, ule msitu wetu mtakatifu wa Pwani ya Kenya. Hapo hakucheka tena. Akanyamaza, kisha akauliza, "Hukutoka na kitu, lakini?"

Nikasema sikutoka na kitu. Kwetu kaya huitoki hata na jani.

Sasa hivi natoa nguo za kufua, nakuta mbegu saba zimeng'ang'ania soksi za Jumapili. Nimezitia kwenye bahasha na kuiweka kando ya funguo za gari. Jumapili nikiwahi kutoka kazini, nazirudisha.