Zabuni moja, sisi wanne tunaitaka

Mwenzenu nipo kwenye kikundi cha wanawake makandarasi hapa Dar muda sasa, wengi wetu daraja la saba, yani mlangoni kabisa maana CRB, ile Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wana madaraja saba na la kwanza ndio la juu. Kila nikiulizwa kikundi kinanisaidia nini watu wanategemea niseme semina. Jamani semina zipo tele, unapewa soda na kalamu, unapigwa picha na mgeni rasmi, unarudi saiti unakuta fundi nondo kagoma. Kwangu mimi kilichosaidia ni taarifa za kawaida kabisa, nani ana kompakta imekaa bure wiki hii, lori la mchanga linauzwaje leo, fundi gani akishalewa mshahara haonekani mpaka jumatano, halmashauri ipi inalipa na ipi unazeeka na cheti cha malipo mkononi, ile karatasi ya mhandisi kwamba kazi imefanyika ulipwe.

Maana ishu yetu kubwa ni ile hela ya katikati, ya kuendeshea kazi kabla hujalipwa. Kazi umeshinda, malipo ya awali hupewi bila dhamana, benki nayo inataka hati, na hati ya nyumba wengi wetu ina jina la mume au la marehemu baba. CRB wana mfuko wao wa kuwadhamini makandarasi wadogo kwenye dhamana za zabuni na za malipo ya awali, unasaidia sikatai, ila haulipi vibarua jumamosi jioni, na kibarua hataki kusikia kwamba cheti kiko kwa mhandisi, anataka chake akanunue unga. Hapo ndo watu wanapokimbilia kausha damu, mikopo ya riba kubwa, na huko kutoka ni kazi. Sisi tulianza na mchezo wa kupokezana kama akina mama wote, ukafa, na sio kwamba watu walikuwa hawatoi, hapana, ni vile zamu haijui saiti yako itakwama lini, unapokea mwezi ambao huna kazi na mwezi una zege la kumwaga unaambiwa subiri. Tukaugeuza ukawa mfuko. Anayekopa alete cheti kilichosainiwa tukione kwa macho, achukue hela ya vibarua na dizeli tu, malipo yakiingia arudishe na riba kidogo. Mpaka sasa unatembea.

Sasa mtihani wa juzi. Sheria ya manunuzi inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalum, wanawake tukiwemo, na zabuni zote siku hizi ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo kila mtu anaziona kwenye simu yake. Ikatoka kazi ya mitaro, na sisi wanne humohumo kwenye kikundi tunaitaka. Mwenzetu mmoja akasema, na najua nia yake nzuri kabisa, kwamba kwa nini tusikubaliane nani aandike bei gani, hii achukue fulani, ijayo mwingine, si ndio kusaidiana huko? Watu wakaangaliana. Yupo dada mmoja mkubwa wetu, yeye anafanya umeme, akamwambia hapana mdogo wangu, hiyo ni njama, wakikubaini unafungiwa kuomba zabuni, na zaidi ya hapo ndo mchezo huohuo waliotuchezea wanaume miaka yote hatukupata kitu.

Nimelifikiria sana hili. Maana siku zote tunaambiana bei, sasa mpaka uko wapi? Tukaishia hapa: bei ya saruji na nondo dukani sio siri, tutaendelea kuambiana, ila zabuni ikishatangazwa namba yako ya mwisho ni yako na Mungu wako, hata kwenye grupu la WhatsApp isitajwe. Na mkiona kazi inawazidi nguvu ingieni ubia, kwa mkataba, mwenye zabuni anawaona wote mmeandikwa.

Kuna na hili la wale wa kwenye karatasi, kampuni ina jina la mama ila simu anapokea baba, huko saiti ukimuuliza mama kokoto zimeingia tripu ngapi anakuambia ngoja nimuulize mzee. Wenzangu hawawataki kabisa, wanasema wanakula fungu letu. Mimi bado nasitasita, sababu namjua mmoja aliingia hivyohivyo, akaanza kukaa saiti kwa ajili tu ya kusaini, akawa anauliza, leo mzee wake ndio anamuuliza yeye. Lakini pia nimewaona waliokaa miaka na muhuri kwenye pochi na hawajawahi kuuliza chochote. Hatujapiga kura.

Kwenye mitaro nimeingia ubia na mwenzetu mwingine wa kikundi, mwenye duka la nondo, tumebishana wiki nzima nani awe kiongozi wa ubia, kashinda yeye kwa sababu ana tipa. Mwenzetu mwenye lile wazo kaomba kivyake, sijamuuliza bei na yeye hajaniuliza, ila jana kanipigia kuazima vaibreta, mashine ya kushindilia zege, nikampa.